Mhafidhina Aliyempeleka Ami Yake kwa Kadhi

Katika ukoo wetu mimi ndiye niliyempeleka ami yangu mbele ya kadhi, na mimi huyo huyo ndiye ninayepinga shamba la babu kuuzwa. Kwa jambo la kwanza niliitwa mtoto aliyeharibiwa na vitabu. Kwa la pili naitwa bibi kizee kabla ya wakati wangu. Ndugu zangu wa rika langu, hasa walioko Dar na Maskati, kila tukikutana huniuliza hasa niko upande gani. Nasomesha historia na uraia katika skuli moja ya sekondari hapa Pemba, na jibu langu huwa lile lile: mimi ni mhafidhina. Hucheka, maana kwao mhafidhina ni mzee mwenye bakora anayechukia simu. Basi wacha nieleze ninachokusudia, na nilikotoa.

Shamba lipo Mtambwe, kwenye kilima kinachoteremka mpaka bonde la mpunga. Miti yake ya zamani ilipandwa na baba yake babu. Wapemba tulipata utajiri huu kwa msiba wa wenzetu: kimbunga cha 1872 kiliilaza mikarafuu ya Unguja, ya kwetu ikasalimika, na tangu hapo karafuu nyingi ya Zanzibar ikawa inatoka kisiwani kwetu. Mkarafuu si muhogo. Mche unaoupanda leo utakungojesha miaka sita, saba, minane ndipo upande ngazi kuchuma chochote, na ukitunzwa utakuzika wewe na pengine na mwanao. Anayepanda mkarafuu akiwa na mvi anajua kabisa kwamba anampandia mtu mwingine.

Edmund Burke nilikutana naye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwa amewekwa kwenye masomo ili apigwe. Darasa zima lilimpiga. Mzaliwa wa Dublin, 1729, mbunge katika Bunge la Uingereza, mtetezi wa wafalme na makabaila. Mwaka 1790 aliandika kitabu kizima kuyalaani Mapinduzi ya Ufaransa wakati hata mfalme wa Ufaransa hajakatwa kichwa. Nikakisoma nikiwa na nia ya kumpiga na mimi. Nikafika mahali anaposema kwamba jamii ni ubia, lakini si ubia wa kuuza pilipili na kahawa unaoweza kuvunjwa mmoja akichoka. Ni ubia kati ya walio hai, waliokufa na watakaozaliwa. Pilipili na kahawa! Angekuwa ameijua karafuu angeitaja. Wenzangu waliyaona maneno hayo kuwa ushairi wa tajiri anayelinda mali yake. Mimi nililiona shamba letu, kwa sababu kwetu jambo hilo halikuwa ushairi. Lilikuwa na mipaka na lilikuwa na msimamizi.

Babu alituachia kauli, hakutuachia karatasi. Alitamka msikitini mbele ya watu kwamba shamba ni wakfu: sehemu ya mapato iende kwenye msikiti wa kijiji, sehemu isomewe khitma yake kila mwaka, na iliyobaki wale watoto wake na watoto wa watoto wake. Kwa madhehebu yetu ya Shafii wakfu hauuzwi, haurithiwi, wala hautolewi zawadi. Mwenye mali anaitoa mikononi mwake, na baada ya hapo hakuna mwenye nayo. Kuna wanaonufaika na kuna anayesimamia. Mashahidi wa kauli ile wamekwishakufa, na ndiyo maana kila anayetaka kuuza huanza kwa swali moja: nani kasema ni wakfu? Labda ni mirathi tu ambayo haikugawiwa.

Swali hilo si geni, na halikuanza kwetu. Mwaka 1894 Baraza la Faragha la London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, liliamua katika kesi ya India kwamba wakfu wa kulisha ukoo, ambao masikini watafikiwa nao mbali huko ukoo ukishamalizika, si sadaka ya kweli na kwa hiyo ni batili. Majaji walipima sadaka kwa kipimo cha kwao: sadaka ni ile inayotoka nje ya mlango. Muislamu amefundishwa kwamba tonge unayomlisha wa kwako nayo ni sadaka, tena yenye thawabu kubwa. Waislamu wa India walipiga kelele mpaka ikatungwa sheria ya 1913 kuwarudishia wakfu zao. Huku Afrika Mashariki mahakama ziliendelea kuifuata hukumu ya 1894, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Baraza lile lile likaishikilia tena katika kesi iliyotoka Kenya, ingawa Mashafii wa pwani wana fiqhi yao inayolijua jambo hili tangu karne na karne.

Kisa hiki huwasimulia wanafunzi wangu wanapodhani kwamba uhafidhina ni mali ya wazungu. Waliofuta mila za watu kwa kalamu moja walitoka nchi ya Burke, naye Burke mwenyewe alikuwa amekwishawaonya. Alimfungulia Warren Hastings, aliyekuwa gavana mkuu wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki huko India, mashtaka bungeni. Kesi ikaanza 1788 na kuburutwa mpaka 1795, Hastings akaachiwa. Miongoni mwa hoja za Burke ni kwamba Wahindi wana sheria na ustaarabu wao wa kale, na mtu hawezi kuvuka bahari akaacha uadilifu wake bandarini. Alishindwa. Lakini kwangu mimi Burke wa kesi ya Hastings ananifaa zaidi kuliko Burke wa kitabu cha 1790, anayemlilia malkia wa Ufaransa.

Sasa shambani. Kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeweza kunipa sababu yake: karafuu iliyoanguka chini wakati wa kuchuma haikuwa yetu. Wachumaji wakishuka na pakacha zao na kulipwa kwa pishi, watoto wa jirani na wajane huingia na vikopo vya maziwa ya unga wakaokota. Nimewaona wameinama chini ya miti kwa saa nzima, bila kelele, wakichambua kimoja kimoja kwenye majani makavu, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Bibi akiwapikia uji. Alipokuja binamu yangu mmoja kusaidia usimamizi, kijana mwenye diploma ya biashara na kompyuta ya mkononi, alipiga hesabu akaona ni pishi nyingi zinazopotea kila msimu. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Akapiga marufuku, akaweka mlinzi wa mshahara.

Msimu huo huo tuliibiwa karafuu mbichi usiku, mitini, matawi yamevunjwa. Mlinzi alikuwa mmoja na kilima ni kikubwa. Zamani nyumba zote zilizozunguka shamba zilikuwa zina masilahi humo, mgeni akipita na gunia wakati wa magharibi, mtu angetoka uani kumuuliza, "Yakhe, watokea wapi?" Baada ya marufuku hakuna aliyeuliza. Waliwaona wezi, nina hakika, wakafunga madirisha. Michael Oakeshott, mwanafalsafa Mwingereza aliyefariki 1990, alitofautisha maarifa yanayoweza kuandikwa kama maelekezo na maarifa yanayokaa katika kutenda tu, ambayo mtendaji mwenyewe hawezi kuyataja ukimuuliza. Bibi hakuwa na nadharia ya ulinzi shirikishi. Alikuwa na sufuria ya uji. Binamu alifukuza mlinzi msimu uliofuata na vikopo vikarudi, ingawa hakusema neno, na mimi sikumsemesha.

Ningeishia hapa ningekuwa na hadithi nzuri ya wahafidhina, ile wanayoipenda: mila ina hekima, kijana kaivuruga, mambo yameharibika. Tatizo ni kwamba shamba lile lile lilikuwa na desturi nyingine.

Shangazi zangu hawakuwa wakipata kitu. Mapato yaligawiwa na ami, mkubwa wa wanaume waliobaki, baina ya nyumba za wanaume. Shangazi walipelekewa siku ya Idd doti ya kanga na mfuko wa sukari, na ami aliona kwa hilo amekwishatenda wema. Mmoja wa shangazi alikuwa ameachwa na mumewe miaka mingi, anaishi kwa kusuka ukili na kuuza mikate ya kumimina, paa la nyumba yake linavuja. Nilikuwapo siku alipoomba. Tulikuwa kwenye majamvi jioni, tunachambua karafuu, kila mtu na fungu lake, makonyo, vile vikonyo vyake, huku, karafuu huku. Akasema bila kuinua macho, "Kaka, na mimi ni mtoto wa baba."

Ami akacheka kwa upole. "Nyinyi mnakula kwa waume zenu."

"Mume gani? Nionyeshe nikamdai."

Watu wakacheka, mazungumzo yakapita. Mimi ndiye niliyerudi kwake kesho yake, nikamwambia, "Shangazi, twende kwa kadhi." Aliogopa. Alisema watu watasema. Nikamwambia waseme mimi, na kweli walisema.

Mahkama ya kadhi haikuwa na mambo ya kuigiza. Chumba kidogo, feni inayozunguka polepole, kadhi mwenye sauti ya chini. Alimuuliza ami jambo moja: hili shamba ni wakfu au ni mirathi? Ami akasema ni wakfu, tena kwa kujiamini, maana ndiyo kinga yake dhidi ya wanaotaka kuuza. Vizuri, akasema kadhi, na marehemu alitamka nani wale? Watoto wake. Na huyu mama ni nani? Ami akanyamaza. Kama ungesema ni mirathi, akaendelea, Surat An-Nisaa imewapa wanawake fungu lao katika waliyoyaacha wazazi, kiwe kidogo au kingi. Sasa wewe umemnyima kwa msingi upi?

"Maalim, ndivyo tulivyokuta."

"Mlikuta kwa nani?"

Ndipo ilipodhihirika, mbele ya sote, kwamba hawakukuta kwa mtu. Babu alipokuwa hai aliwapa mabinti zake. Shangazi mkubwa alikumbuka mpaka aliponunua kitanda kwa fungu lake. Desturi ya kuwanyima ilikuwa ya umri wa kizazi kimoja, imevaa joho la kale.

Hilo lilinifunza zaidi kuliko kisa cha vikopo. Mwanafalsafa Alasdair MacIntyre aliandika mwaka 1981 kwamba mila iliyo hai ni mabishano yanayoendelea kwa muda mrefu, na akaongeza, kwa kumchoma Burke, kwamba mila ikishakuwa ya kuinamiwa tu bila kuhojiwa basi inakufa au imekwishakufa. Kadhi hakuleta haki za binadamu kutoka Geneva, wala mimi sikuzihitaji siku ile. Alimrudisha ami kwenye kitu cha zamani zaidi na chenye nguvu zaidi kuliko ukaidi wake. Ami aliweza kuinamisha kichwa bila kudhalilika, kwa sababu aliyemshinda ni baba yake mwenyewe na Kitabu chake mwenyewe. Angeshindwa na mimi, mtoto wa kaka yake mwenye shahada, ukoo ungekuwa vipande viwili hadi leo.

Lakini kuna mahali ambapo dawa hii haifiki, na mhafidhina wa Pemba akijifanya haoni basi asisikilizwe. Mary Wollstonecraft, mwandishi Mwingereza aliyetetea haki za wanawake, alimjibu Burke mwaka ule ule wa 1790, kwa ghadhabu, na moja ya hoja zake ilikuwa hii: kama ukongwe wa jambo ni dalili ya uhalali wake, basi biashara ya watumwa isikomeshwe kamwe. Darasani Dar hoja hiyo ilipita kama mfano. Kwetu si mfano. Mashamba ya karafuu ya visiwa hivi yalianzishwa kwa mikono ya watumwa. Biashara yao baharini ilipigwa marufuku 1873, na utumwa wenyewe ulibaki na sheria upande wake mpaka 1897. Katika ukoo wetu habari hizo hazizungumzwi barazani. Tunahesabu nasaba upande wa waliopanda, hatuhesabu waliochimba mashimo. Ule ubia wa walio hai na waliokufa una wafu wake ambao hawakuulizwa kama wanataka kuwa wabia. Burke aliandika mwaka 1780 rasimu ya kanuni za kuupunguza utumwa hatua kwa hatua, na wapenzi wake hupenda kuitaja. Hatua kwa hatua ni mwendo mzuri kwa anayetazama. Kwa aliyefungwa ni kifungo tu.

Tena mimi nina upande wa mama. Baba yake mama alikuwa kibarua wa kuchuma, hana mti hata mmoja. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964 ardhi ikawa ya serikali, na wakulima wasio na kitu wakagawiwa eka tatu tatu. Babu huyu alipata zake. Kwa mantiki ya Burke shamba lile lisingekuwapo: limetokana na kuvunja, limetokana na siku moja ya bunduki na amri. Wapemba tuna kumbukumbu zetu za miaka iliyofuata na si zote za kusherehekea. Sisemi zaidi ya hapo. Lakini wajomba zangu leo wanazungumza juu ya zile eka tatu kwa sauti ile ile ambayo ami anaitumia kwa wakfu wa Mtambwe. Hapa alipanda mzee. Hapa hapauzwi, na kweli masharti ya ugawaji yalikuwa hayaruhusu kujiuzia. Wamekuwa wahafidhina wa mapinduzi. Nchi nzima imekuwa hivyo kidogo: "Mapinduzi Daima" tunaitamka kila Januari kama watu wanaolinda urithi.

Kwa hiyo kumwambia Mzanzibari "shika ulichorithi" hakumwambii kitu. Amerithi vingi vinavyogombana, na mara nyingi ndani ya nyumba moja, kama mimi. Nilichobaki nacho kwa Burke na wenzake si imani kwamba cha kale ni chema. Ni shaka juu ya mtu anayepanga maisha ya wengine huku yeye hatakuwapo msimu ujao kuona matokeo. Ndiyo maana nilimpinga binamu kuhusu vikopo na nikampinga ami kuhusu shangazi kwa sababu ile ile: kila mmoja aliamua jambo ambalo mzigo wake ulibebwa na mtu mwingine.

Wanafunzi huniuliza kuhusu siasa za vyama, na mfano ninaowapa ni maridhiano. Tangu 1995 kila uchaguzi uliacha kidonda. Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Karume, na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walikaa wawili wakazungumza. Mwaka uliofuata wananchi wakapiga kura ya maoni, katiba ikabadilishwa, ikaja Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Watungaji wa katiba hupenda kuanza na kifungu. Pale kilianza kikao, kifungu kikafuata. Ulipofutwa uchaguzi wa 2015 kifungu kilikuwa bado kimeandikwa vizuri na hakikusaidia kitu. Umoja ulirudi mwishoni mwa 2020 watu walipokubali tena kukaa. Wanaopenda sheria kuliko mazoea wana kazi ya kunieleza hapo. Na wanaopenda mazoea wana kazi ya kunieleza kwa nini heri ya nchi itegemee watu wawili kuelewana.

Mambo ya shamba hayajaisha. Safari hii anayetaka kuuza ni shangazi yule yule wa kwa kadhi. Kipande cha juu, karibu na barabara, kinatafutwa kwa viwanja vya nyumba na bei yake inatia kizunguzungu. Ana paa lake, ana magoti yanayomsumbua, na ana hoja. Nilipokwenda kumwambia kwamba wakfu hauuzwi, na kwamba miche tuliyoipanda kule juu ndiyo kwanza inaanza kuzaa, alinitazama akasema, "Mwanangu, kwa hiyo ulinipigania nipate haki ili nisiitumie?"

Nilimjibu kwamba haki yake ni ya mazao, si ya shina. Akasema hayo ni maneno ya mtu mwenye mshahara. Ni kweli nina mshahara, na sikuwa na la kuongeza.

Ami, ambaye kwa miaka hakunijibu salamu vizuri, sasa yuko upande wangu, jambo ambalo linanipa wasiwasi zaidi kuliko faraja. Tumependekeza kukodisha mikarafuu ya upande wa bondeni kwa misimu michache, fedha zote ziende kwenye paa na matibabu ya shangazi kabla nyumba nyingine haijagusa shilingi, na mambo hayo yaandikwe mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa eneo letu, kwa sababu kauli bila karatasi imetutesa vya kutosha. Binamu ameshapiga hesabu na anasema fedha zitatosha paa, magoti hayana hakika. Kikao ni baada ya Idd. Shangazi ametaka akiongoze yeye, na ami amekubali. Shangazi amesema atakuja kusikiliza, ila mnunuzi hajamkatalia bado.